Je, Taifa Laweza Kutawaliwa kwa Uaguzi?

Vijana wa darsa letu hapa Kisumu hucheza katika simu zao michezo yenye falme zinazotawaliwa na wachawi. Usiku mmoja baada ya Isha wakauliza: je, limepata kuwapo duniani taifa la namna hiyo? Tukawaambia wasiende mbali. Juu ya ile milima waionayo kaskazini-mashariki ya mji ni nchi ya Wanandi.

Katika karne ya kumi na tisa Wanandi walikuwa na mkubwa aitwaye orkoiyot, wa ukoo wa Talai, ambao asili yake ni waaguzi wa Kimasai. Si haki kumwita mchawi, kwani mchawi kwa Wanandi ana jina lake mbali. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na mabaraza ya wazee. Lakini vijana hawakwenda vitani kuteka ng'ombe ila kwa idhini ya orkoiyot, na wakirudi na ngawira alikuwa na fungu lake. Cheo chake chote kilisimama juu ya jambo moja: watu kuamini kuwa yeye huyaona yasiyoonekana.

Yapata mwaka 1890, orkoiyot Kimnyole alitoa idhini ya vita, na vijana wengi wakauawa. Ng'ombe nao walikuwa wakifa kwa maradhi, na njaa imeingia. Watu wakamtupia yeye lawama ya yote, wakampiga marungu mpaka akafa. Ukiitazama hoja yao, imenyooka: ajuaye ghaibu, akawaacha watu wake waangamie, ni khaini. Kosa limo katika ule msingi.

Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku ile ile, na watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Mtawala apendaye kuogopwa angenyamaza tu. Yeye alisimama akawafahamisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake.

Na sisi je? Kila uchaguzi ukikaribia, hatukosi Waislamu wapelekao jina la mgombea kwa mpiga ramli. Akishindwa, mpiga ramli hadaiwi hata senti. Wanandi angalau walidai.

Wala tusidhani kuwa Waingereza walileta dawa. Koitalel arap Samoei, mwana wa Kimnyole, aliwapinga miaka mingi, hata tarehe 19 Oktoba 1905 Meinertzhagen akampiga risasi katika mkutano ulioitwa wa mapatano. Ndugu yake alikuwa amehamia kwa Wakipsigis na kushika cheo kile huko. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwaondoa Talai wa Kipsigis, ukoo mzima, wake kwa watoto. Wakatolewa kwenye nchi ya baridi, wakatiwa Gwassi, pwani ya ziwa hili letu, kwenye mbu na mbung'o.

Kijana mmoja akasema, "Maalim, si walikuwa makuhani? Walistahili." Mtoto wa miaka mitatu ameagua nini? Sheria yetu yakataza kumwendea mwaguzi, wala haimtwishi mtu dhambi ya babake. Na serikali ile, iliyozicheka itikadi za wenyeji, kumbe nayo iliogopa damu ya ukoo! Wengine walikaa Gwassi mpaka miaka ya mwanzo ya 1960.