Mirathi ya Mwislamu wa Uluguru Mbele ya Mahakama

Tuseme mtu aliyesilimu ukubwani katika vijiji vya Matombo au Kinole amefariki, ameacha mke, watoto, nyumba ya bati na shamba la migomba na karafuu. Wapwa zake waja wakisema: mali hii ni ya ukoo wa mama yake, basi ni yetu. Watoto nao wasema: baba yetu alikuwa Mwislamu, tugawiwe kama Kurani Tukufu ilivyoagiza. Nani asikilizwe?

Waluguru huhesabu nasaba kwa upande wa kikeni. Mtoto ni wa ukoo, yaani lukolo, wa mama yake. Sura An-Nisaa nayo yawawekea mafungu watoto wa kiume na wa kike, wazazi, na mume au mke. Sheria mbili hizi haziwezi kugawa kitu kimoja kwa pamoja.

Mahakama ya mwanzo ina uwezo wa kusikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Lakini hakimu hatosheki na jina la Kiislamu tu. Hupima mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake: alisema nini, alitenda nini, aliishi vipi. Mwaka 1969 Mahakama Kuu iliamua mirathi ya Mngoni mmoja aliyeishi mbali na kwao na kuoa mke wa kabila jingine, ikaona kwamba alikuwa ameziacha mila za Kingoni. Basi mtu aliyesilimu, kisha akaendelea kuamua kila jambo la nyumba yake kwa amri ya wajomba, amewaachia wanawe ushahidi dhaifu.

Lipo swali la pili, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa, ingawa watu hulisahau kwa sababu ya kelele. Je, shamba lenyewe lilikuwa lake? Ardhi ambayo ukoo ulimpa ailime tu si urithi wake, wala Uislamu haugawi mali ya mtu mwingine. Nyumba aliyoijenga, fedha zake, na shamba alilolinunua kwa jasho lake, hizo ndizo zinazoingia katika mirathi.

Na mila ikimnyima mwanamke? Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kama mwanamume awezavyo, kwa kutegemea haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo yabatilisha mila inayowanyima wanawake ardhi. Hata hivyo, mwaka 2006 wajane wawili wa Kisukuma waliambiwa na Mahakama Kuu kwamba mila iliyowanyima urithi yabagua, lakini si kazi ya mahakama kuifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikaona wamedhulumiwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, katika shauri la umri wa kuolewa, haikukubali hoja ya Serikali kwamba mila na dini vyatosha kuvihifadhi vifungu vinavyobagua. Je, hakimu aifute mila mwenyewe, au alingoje Bunge?

Uluguru mambo yana sura nyingine. Huko binti hupata shamba kwa mama yake, na pengine kaka yake aliyesilimu ndiye anayekimbilia mafungu ya Kiislamu ili apate mara mbili ya dada. Mtu huyu asiwe Mwislamu kwenye shamba la mama na Mluguru kwenye shamba la baba. Akiichagua sheria, aichague yote.

Njia ya kuepusha ugomvi iko mikononi mwa aliye hai. Aandike mbele ya mashahidi kwamba ataka mirathi yake ifuate sheria ya Kiislamu, na aorodheshe kilicho chake na kilicho cha ukoo, wazee wa ukoo wakisikia. Akiwa na wana, mpwa wake si mrithi. Lakini aweza kumwusia sehemu isiyozidi theluthi ya mali, baada ya maziko na madeni kulipwa.