SOMO LA CHAMA: RAMANI YA SHAMBA NI MALI YA NANI?

Mkulima wa kahawa amezoea kuulizwa mambo mawili afikapo kwenye mizani ya chama: jina lake na uzito wa kahawa yake. Sasa limeongezeka swali la tatu, nalo latoka ng'ambo: kahawa hii imetoka shamba lipi hasa? Katibu asiye na jibu aweza kuliona soko likifungwa mbele ya wanachama wake. Katibu anayejibu ovyo aweza kuzitoa haki zao bure.

Asili ya swali

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataza kuuzwa katika nchi zake bidhaa zilizotokana na ufyekaji wa misitu. Kahawa ni mojawapo. Haitapokelewa ikiwa imelimwa mahali palipokuwa msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba, 2020. Kuanza kutumika kwa sheria hiyo kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameshaanza kudai taarifa za mashamba.

Kila shamba lapaswa kuonyeshwa mahali lilipo kwa namba za latitudo na longitudo. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja yatosha. Lililo kubwa zaidi huchorwa mipaka yake. Tena kahawa iwe imelimwa kwa kufuata sheria za nchi ilikotoka, zikiwemo zile za haki ya kutumia ardhi.

Jambo moja lafaa kukaziwa. Hairuhusiwi kuchanganya kahawa inayojulikana shamba lake na ile isiyojulikana. Gunia moja likiingizwa ghalani kwa siri, shehena nzima yaweza kukataliwa. Kosa la mmoja huwa hasara ya wote.

Haki iko wapi?

Wakulima wadogo wa Kilimanjaro wamelima kahawa chini ya migomba na miti ya kivuli kwa vizazi. Si wao walioijaza hewa moshi wa viwanda. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Hata hivyo, ndio wanaopata hasara mvua zinapobadilika, na mazao ya Arabika yanapopungua kwa joto la usiku kuzidi.

Kulinda misitu ni jambo jema. Lakini si haki gharama ya uthibitisho imwangukie yule asiyeleta madhara. Sheria yenyewe inamtwika wajibu wa kuthibitisha mfanyabiashara aingizaye kahawa Ulaya, wala si mkulima. Kwa hiyo chama kina hoja ya kudai kwamba gharama ya kupima mashamba ihesabiwe katika mkataba wa mauzo.

Wakulima wana la kukumbuka. Mgao wa kahawa duniani, uliowekwa kwa mapatano ya mwaka 1962, ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka sana, wala hakuna mkulima aliyeulizwa. Kanuni za soko hutungwa mbali. Kinachobaki mkononi mwa mkulima ni umoja wake na daftari lake.

Mfanyabiashara akipima mashamba na kuondoka na namba, mwakani chama hakitaweza kumwuzia mwingine bila kumwomba yeye. Chama kilichopima chenyewe huchagua mnunuzi. Kwa Tanzania, sheria zipo za kukisaidia: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hakimiliki itolewayo na Serikali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hulinda taarifa za mtu zisitumiwe kiholela.

Kazi ya katibu

1. Aandike kila shamba peke yake. Mwanachama mwenye mashamba mawili ana nukta mbili.

2. Apime mbele ya mwenye shamba na majirani, na kueleza kwamba nukta haibadilishi mpaka wala haitoi hati.

3. Amwandike anayelima. Mjane anayetunza shamba lililo katika jina la marehemu mumewe asiachwe nje ya daftari.

4. Alinganishe kilo zilizoletwa na ukubwa wa shamba. Mwenye miche michache akileta magunia mengi, ajue kuna kahawa ya mtu mwingine ndani yake.

5. Atunze nakala chamani na kumpa mwanachama yake. Mnunuzi apewe taarifa kwa mkataba tu, uliokubaliwa na Mkutano Mkuu, utakaotaja matumizi yake.

Maswali ya kujadili

1. Ni mashamba mangapi ya wanachama ambayo hayamo katika daftari la chama?

2. Ni nani aliyekwisha kupima mashamba kijijini, na namba hizo ziko wapi leo?

3. Mkutano Mkuu utaagiza gharama ya upimaji ilipwe na nani?