Je, Kizuri Chajiuza? Somo Kutoka kwa Rafu za Chuma

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeitumia methali hii katika insha zangu tangu shule ya msingi, na kila mara mwalimu akaniwekea alama ya vyema. Lakini mwaka jana, likizo ya Agosti, niliiona ikishindwa kazi mchana peupe mbele ya meza ya mnunuzi wa duka kubwa. Kwa hivyo nimeonelea niwaletee wanachama wenzangu wa chama cha Kiswahili somo nililolipata siku hiyo. Ni somo la biashara, ila ndani yake mna sarufi.

Baba yangu ni fundi wa chuma pale Kamukunji, Nairobi. Asiyepajua Kamukunji na afike karibu na Gikomba, kisha afuate kelele za nyundo. Hapo ndipo zinapoundwa sufuria, majiko na yale masanduku ambayo wenzetu wa shule za bweni huyabeba wakifungua shule. Hawa ndio watu wa jua kali. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoufanya ulimwengu uanze kuzizingatia kazi ndogo ndogo kama hizi, na mwaka wa 1992 serikali yetu ikachapisha waraka wa sera kuhusu maendeleo ya jua kali. Kazi ya baba ni rafu za kuonyeshea bidhaa madukani: za unga, za mikate, za soda, na zile zenye kulabu za kuning'iniza vitu vidogo.

Baba alikuwa amesikia kwamba duka fulani linafungua tawi jipya huku Eastlands. Akaunda rafu moja ya mfano. Chuma chenyewe alikichukua mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa akishauza. Nami nilikuwa na salio la pesa za shule, na nilijua vizuri kwamba rafu ile isipouzwa, muhula wa tatu ningeufungua nikiwa nyumbani. Tukaipakia kwenye mkokoteni, tukaenda.

Mnunuzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mpole lakini asiyetaka kupoteza wakati. Mazungumzo yao yalikuwa hivi:

"Fundi, chuma nimekiona. Sasa unaniuzia nini hasa?"

"Nakuuzia rafu, mama. Nimeiunda mwenyewe. Ni ngumu sana. Nimefanya hii kazi miaka ishirini."

"Ngazi moja inabeba kilo ngapi?"

"Nyingi, mama. We weka tu."

"Na nikitaka kuinua hii ngazi ya pili juu kidogo?"

"Hiyo nimeichomelea, haisongi."

Mama akatoa kitambaa cha karatasi, akakipitisha kwenye ukingo wa rafu. Kikachanika. Akakiweka mezani bila kusema neno, kisha akasema, "Mzee, rudi ukishajipanga."

Tulisukuma mkokoteni kimya hadi tukakaribia Kamukunji. Ndipo baba akaniuliza, "Kizuri chajiuza. Si ndivyo mnavyoandika huko shuleni?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilichukua daftari, nikayaandika yale maneno yote jinsi nilivyoyakumbuka. Upande mmoja nikaweka ya mama, upande wa pili ya baba. Ndipo nikaona ajabu. Maneno ya baba yote yalikuwa ya nafsi ya kwanza: nimeiunda, nimefanya, nimeichomelea. Maswali ya mama yote yalihusu duka lake. Baba alikuwa akisifu kazi ya mikono yake, na mama alikuwa akitafuta mahali pa kupanga unga wake. Walikuwa chumba kimoja lakini hawakukutana.

Nikakumbuka somo la kauli ya kutendea. Kauli hii huonyesha kwamba tendo linafanywa kwa ajili ya mtu fulani. Kitenzi chenye irabu a, i au u katika mzizi huchukua -i-: unda huwa undia, funga huwa fungia. Chenye e au o huchukua -e-: leta huwa letea, soma huwa somea. Hata kuchomelea, kazi ya baba ya kila siku, ni tunda la kauli hii: choma, chomea, chomelea. Mtu wa kuchomelea ameinyambua choma mara mbili, kumbe anapouza anasahau kuinyambua hata mara moja!

Nikamwonyesha baba. Alicheka, akasema, "Hebu nisomee tena." Kutokana na daftari lile tukapanga mambo matano, ambayo leo nawapa kama kanuni za kumwendea mnunuzi.

Kwanza, pima duka kabla ya kupima chuma. Baba alirudi pale na futi yake, akaomba ruhusa, akapima ukuta na njia. Mwenye duka anataka vigari viwili vya wateja vipishane bila kugongana. Badala ya kusema "Nimeunda rafu", sema "Nitakuundia rafu za kutoshea ukuta wako, na njia itabaki wazi."

Pili, jibu kwa kilo, usijibu kwa sifa. Bale moja la unga lina pakiti 12 za kilo mbili, yaani kilo 24. Tuliweka mabale manne kwenye ngazi ya chini, kilo 96, yakakaa usiku kucha. Asubuhi baba akanyosha uzi chini ya ngazi kuona kama imepinda. Haikupinda. Mnunuzi pia atauliza geji ya chuma. Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu nambari ikipanda unene hupungua. Geji 16 ni kama milimita 1.5, na geji 20 haifiki milimita moja. Anayekuuzia rafu ya geji 20 kwa bei ya geji 16 amekuuzia nusu mkate kwa bei ya mkate mzima.

Tatu, mpe uhuru wa kubadilisha. Bidhaa zilizo kwenye usawa wa macho huonekana na kununuliwa upesi, zile nzito hukaa chini, na mwenye duka hupenda kuzihamisha mara kwa mara. Rafu iliyochomelewa pande zote haimsaidii. Baba aliacha kuchomelea ngazi. Akatoboa mashimo kwenye miguu kila baada ya sentimita tano, na ngazi sasa hukaa kwa kulabu. Faida ya pili ni kwamba rafu hufunguliwa ikasafirishwa ikiwa vipande, hata kwa mkokoteni.

Nne, fikiria mkono wa mtoto. Kingo zote zipigwe msasa au zikunjwe ndani. Halafu kuna rangi. Rangi ya kawaida ya mafuta hupakwa juu ya rangi ya kuzuia kutu, lakini hubanduka haraka ikigongwa na mikebe. Iliyo bora ni rangi ya unga, inayonyunyizwa kwa nguvu za umeme kisha chuma kikaokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi. Baba hana tanuri hiyo, kwa hivyo hupeleka vyuma vyake Eneo la Viwandani kuokewa. Gharama hiyo aliiandika wazi kwenye makadirio ya bei, hakuificha.

Tano, zungumza malipo kabla ya kushika nyundo. Nakumatt, lililokuwa miongoni mwa maduka makubwa kabisa nchini, lilifikia kikomo mwaka wa 2020 huku likiwadai wengi subira, kwa maana wauzaji walibaki wakilidai pesa zao. Mwaka wa 2019 sheria ya ushindani ilifanyiwa marekebisho ili kuwakinga wauzaji dhidi ya wanunuzi wakubwa wanaochelewesha malipo. Hata hivyo kinga ya kwanza ni arubuni na maandishi. Omba arubuni itakayotosha kununulia chuma, na usianze kazi bila hati ya kuagiza bidhaa yenye sahihi.

Wiki mbili baadaye tulirudi. Mama yule alipouliza, "Haya, fundi, unaniuzia nini?" baba alijibu: "Mama, nitakuundia rafu za ule ukuta wako wa mita tisa. Ngazi ya chini itakubebea mabale manne ya unga. Ngazi utazisongesha mwenyewe bila kuniita. Nitakufungia usiku duka likiwa limefungwa, usipoteze wateja. Na ikiharibika, niko hapa Kamukunji, nitakurekebishia." Mama akatoa tena kitambaa cha karatasi, akakipitisha kwenye ukingo. Safari hii hakikuchanika. Akatabasamu kidogo, kisha akaanza kupunguza bei.

Nisije nikawadanganya, wenzangu. Hatukutajirika. Tulitumaini rafu ishirini, akaagiza sita. Arubuni ya nusu ililipwa na chuma cha mali kauli kikalipwa. Nusu iliyobaki ilichelewa, na mimi nilitumwa nyumbani siku nne muhula wa tatu ulipofunguliwa. Lakini baada ya miezi miwili mama yule alipiga simu mwenyewe, akaagiza nyingine nane. Hapo ndipo nilipoielewa ile methali. Kizuri hujiuza mara ya pili, kwa mtu aliyekwisha kukijua. Mara ya kwanza hakina mdomo, na mwenyewe hana budi kukisemea.

Kabla sijaweka kalamu chini, nawaachia zoezi. Geuza sentensi hizi zimzungumzie mnunuzi, ukitumia kauli ya kutendea:

1. Mimi hushona sare nzuri sana.
2. Nimeoka mikate kwa miaka kumi.
3. Tunaleta maziwa kila asubuhi.

Ukimaliza, msomee mzazi wako anayeuza chochote, awe wa mboga, wa viatu au wa chuma. Huenda akacheka kama baba alivyocheka. Asipocheka pia si hoja, mradi asikie.