Pima Uzito, Usihesabu Magunia: Vifurushi vya Programu Vinapogawanywa

Mkulima wa viazi wa Mbeya au Iringa anaifahamu lumbesa: gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa juu, kisha likalipwa kama gunia moja. Dawa yake ni mizani, kwa kuwa neno "gunia" halitaji uzito. Katika somo hili tunaonesha kwamba neno "kifurushi" kwenye kompyuta nalo halitaji uzito, na asiyepima hulipa kwa bando, kwa umeme na kwa muda wake. Hapa tukisema kifurushi tuna maana ya kifurushi cha programu. Cha intaneti tutakiita bando.

Kifurushi kikubwa na vidogo

Linux ni mfumo endeshi huria. Matoleo yake mengi humletea mtumiaji programu zilizokwisha kujengwa. Machache, kama Gentoo, humletea msimbo chanzo, yaani maandishi ya waliotunga programu, na kompyuta yake ndiyo huyageuza kuwa programu inayofanya kazi. Kazi hiyo huchukua dakika chache au saa nyingi.

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2005, programu za KDE ziliwekwa Gentoo kwa vifurushi vikubwa vichache. Aliyetaka programu ya kusomea faili za PDF, kwa kawaida alijenga pia ya kuchorea na ya kunasa picha za skrini, kwa sababu zote zilikuwa kundi moja. Lilipokuja toleo 3.4 mwaka huo, vifurushi hivyo viligawanywa vikawa mamia, kila programu na chake.

Faida na mipaka yake

Faida ni mbili. Mtumiaji huweka anachohitaji tu. Na kasoro ya usalama ikigundulika katika programu moja, hujenga upya hiyo moja.

Hata hivyo, faili la chanzo lilibaki moja kwa kundi zima. Aliyetaka programu moja alipakua chanzo chote, kisha akajenga sehemu yake. Aliokoa muda na umeme, si bando. Aliyetaka kundi zima alitumia muda mrefu zaidi, kwani hatua za maandalizi zilirudiwa kwa kila kifurushi. Ni kuanzia toleo 4.7 la mwaka 2011 ambapo KDE wenyewe walianza kugawa baadhi ya mafaili ya chanzo, na bando nalo likaanza kuokolewa.

Tunashauri

1. Kabla ya kuweka programu kwenye Gentoo, andika amri *emerge -pv* ikifuatiwa na jina lake. Utaoneshwa vifurushi vyote na ukubwa wa kupakua, bila chochote kuwekwa. Tazama jumla ya ukubwa, si idadi ya vifurushi.

2. Mwenye kompyuta mpakato anaweza kupakua chanzo mahali penye intaneti anayoruhusiwa kutumia, kama chuoni, kwa kuongeza *--fetchonly*. Kazi ya kujenga ataifanya nyumbani bila bando.

3. Kwa programu kubwa kama LibreOffice, fikiria iliyokwisha kujengwa. Tangu Desemba 2023 Gentoo hutoa vifurushi vingi vya aina hiyo.

4. Ukimpa fundi kazi, muulize mapema: ni MB ngapi, ni saa ngapi, na bando na umeme ni juu ya nani?

Zoezi

Umebakiwa na MB 500. Programu ya kwanza inaleta vifurushi 20 vyenye jumla ya MB 90. Ya pili inaleta kifurushi 1 chenye MB 700. Utapakua ipi leo?

Jibu: ya kwanza. Vifurushi 20 vinatisha kwa idadi, lakini uzito wake unaumudu. Kile kimoja kingemaliza bando kabla hakijafika.