GTO halisi au LeMans iliyobandikwa nembo?

SWALI: Niko Houston. Nimeonyeshwa Pontiac GTO ya mwaka 1967, inang'aa na nembo zote zipo. Muuzaji anaapa ni halisi. Nitajuaje kabla sijatoa pesa?

JIBU: Nembo achana nazo, ndugu yangu, zinauzwa dukani, na boneti ya GTO pia. Fungua mlango wa dereva, uinamie kibati cha namba ya chesisi kwenye nguzo yenye bawaba. Namba za GTO za 1966 hadi 1971 huanza na 242. Ukikuta 237, hiyo ni LeMans, Pontiac ya kawaida zaidi, hata ipendeze vipi. Chunguza na ribiti zinazokishika kibati: zikiwa mpya kuliko chuma kilichozizunguka, au zina mikwaruzo, kuna mtu kakihamisha.

Bahati yako ni Pontiac. Kumbukumbu za kiwanda zipo, na Pontiac Historic Services hukuuzia nakala inayoonyesha gari lilivyoagizwa. Mimi nisingetoa hata arubuni bila karatasi hiyo. Ingekuwa ya 1965 ungeihitaji zaidi, maana wakati huo GTO ilikuwa nyongeza ya kulipia juu ya LeMans, na namba ya chesisi haizitofautishi.

Injini ya GTO hiyo, ya inchi za ujazo 400, kwa nje inafanana mno na ile ya 326 ya LeMans, kwa hiyo soma herufi mbili zilizogongwa mbele ya bloku. Injini iliyobadilishwa hailifanyi gari kuwa feki, ila bei lazima ishuke.