Nyumba ya Gharama Nafuu Huanzia Kwenye Kiwanja: Somo kwa Wakazi wa Masasi na Newala

Kila msimu wa korosho unapofika, kuanzia Oktoba hadi Januari, fedha huingia katika kaya za Masasi na Newala kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mnada ukishapita na chama cha msingi kikawalipa wakulima, wengi huelekea kwenye maduka ya saruji, mabati na nondo. Wengine hununua kiwanja. Katika somo hili tunamzungumzia mnunuzi wa kiwanja, kwa kuwa ndiye anayeweza kupoteza akiba ya misimu mitatu kwa siku moja, na kwa kuwa hatua nyingi za kumlinda zimo mikononi mwa halmashauri yake.

Yatajwapo makazi ya gharama nafuu, watu wengi hufikiria nyumba zilizojengwa tayari zikauzwa. Nyumba za namna hiyo zipo; Shirika la Nyumba la Taifa limejenga hata Masasi, katika eneo la Napupa. Lakini kwa miaka mingi shirika hilo limekuwa likieleza hadharani kwamba kodi ya ongezeko la thamani, pamoja na gharama za kufikisha barabara, maji na umeme mahali ambapo havikuwapo, huishia kuingizwa katika bei anayolipa mnunuzi. Mkulima asiye na hati ya mshahara naye hapati kwa urahisi mkopo wa benki wa kulipia nyumba iliyokamilika. Kwa hiyo wakazi walio wengi hujijengea wenyewe, kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, paa korosho zikikubali. Kwa mjenzi wa namna hii, sera ya halmashauri yenye uzito mkubwa ni ile inayohusu ardhi.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inaitambua halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Mchoro wa mipango miji unapoandaliwa, halmashauri huamua barabara zipite wapi, shule na soko vikae wapi, na viwanja viwe na ukubwa gani. Uamuzi huo wa mwisho ni uamuzi wa bei, ingawa hausemwi hivyo mara nyingi. Kiwanja kikubwa hulipiwa zaidi wakati wa kukipata, hulipiwa kodi kubwa zaidi ya pango la ardhi kila mwaka, na hurefusha bomba na nguzo zinazopaswa kukifikia. Masasi imekaa chini ya milima ya mawe kama Mtandi, na mashamba ya mikorosho huanzia pale nyumba zinapoishia. Ardhi ya kuchezea haipo. Kwa maoni yetu, mradi wa viwanja usiokuwa na sehemu ya kutosha ya viwanja vidogo umeshawaacha nje wananchi wa kipato cha chini kabla hata tangazo halijabandikwa ukutani.

Newala swali la kwanza ni maji. Mji huo uko juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako udongo hunywa mvua yote na vijito havipo. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni, na chanzo cha Mitema ndicho tegemeo kuu. Mahali ambapo bomba halijafika, mwenye nyumba hulazimika kuchimba kisima cha kuhifadhi maji ya mvua, kukisakafia kwa saruji ili kisivuje, na kufunga mifereji kuzunguka paa. Gharama hiyo si ndogo. Viwanja viwili vinaweza kutangazwa kwa bei moja, na bado kimoja kikawa ghali kuliko kingine kwa thamani ya kisima kizima. Kabla ya kulipa, ulizeni katika mamlaka ya maji, wala si kwa muuzaji, kama bomba limepangwa kufika na kama fedha zake zimo katika bajeti ya mwaka unaoendelea.

Hatari kubwa kuliko zote hujitokeza pale halmashauri inapogeuza mashamba kuwa viwanja. Sheria inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka, nayo huhesabu pia mikorosho iliyomo shambani. Fidia ikichelewa, mwenye shamba huona ardhi yake imeshapimwa na mawe yamepandwa, lakini mkononi hana kitu. Baadhi huanza kuuza kimyakimya vipande vya shamba lile lile. Ndipo wanapotokea wanunuzi wawili wa ardhi moja: mmoja ana barua ya toleo kutoka halmashauri, mwingine ana karatasi iliyoshuhudiwa na jirani na kiongozi wa mtaa. Wote wawili wamelipa fedha halali walizozitolea jasho. Kwa sababu hiyo, mtu anayenunua kwa halmashauri anayo haki ya kuuliza kama wenye mashamba wamekwisha kulipwa. Na anayenunua kwa mtu binafsi hana budi kwenda kwanza ofisi ya ardhi ya halmashauri, aoneshwe mchoro, na ahakikishe kuwa kipande anachouziwa hakikutengwa kwa ajili ya barabara, shule au eneo la wazi.

Ununuzi kwa mtu binafsi una mambo mengine mawili. La kwanza ni ukoo. Katika desturi za wenyeji wa uwanda huu, ambao kwa asili wamefuata ukoo wa mama, mjomba na wapwa huweza kuwa na neno juu ya shamba, na aliyepanda mikorosho si lazima awe mwenye ardhi peke yake. Waiteni wahusika wote siku ya makubaliano. La pili ni mwenzi wa ndoa: nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Na kama ardhi bado ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inahusika, na halmashauri ya kijiji ni lazima ishirikishwe.

Wapo pia waliokwisha kujenga katika maeneo ambayo hayakupangwa. Hao hawahitaji kiwanja kipya; wanahitaji urasimishaji. Wizara ya ardhi iliwahi kuelekeza kwamba mchango wa mwananchi kwa kazi hiyo usizidi shilingi 150,000 kwa kiwanja. Katika sehemu mbalimbali nchini, hata hivyo, kampuni za upimaji zilikusanya michango na kuiacha kazi njiani. Msichange kabla ya kuona mkataba kati ya kampuni na kamati ya mtaa wenu, na kabla ya halmashauri kuthibitisha kwamba inaisimamia kazi hiyo. Tofautisheni vilevile leseni ya makazi na hatimiliki: leseni ni ya muda mfupi, ilhali hatimiliki huweza kutolewa kwa muda wa hadi miaka 99. Leseni ina faida zake, ila isiuzwe kwenu kwa jina la hati.

Malipo yoyote ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na stakabadhi hutolewa. Fedha iliyopokelewa mkononi na ofisa haina mwenyewe siku ya shauri.

Lipo jambo moja ambalo tungependa wakazi walidai kwa madiwani wao bila kuchoka. Viwanja vya halmashauri mara nyingi hutakiwa kulipiwa ndani ya muda mfupi uliowekwa. Tangazo likitoka Aprili, mkulima wa korosho hana fedha. Atakayelipa ni mfanyabiashara au mtumishi, ambaye huenda akakiuza kiwanja kile kile Desemba kwa bei ya juu. Kuupanga muda wa malipo uangukie msimu wa minada hakuigharimu halmashauri chochote kikubwa. Aidha, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kuwezesha vikundi vinavyofyatua matofali ya kufungamana, ambayo hutumia saruji kidogo katika kujengea.

Mgogoro ukitokea, Baraza la Kata hupatanisha tu. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 halina tena mamlaka ya kuamua. Upatanishi ukishindikana ndani ya siku 30, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nendeni na mkataba, stakabadhi, nakala ya mchoro na majina ya mashahidi, na msiendelee na ujenzi wa msingi hadi shauri limalizike.