Protini Ishikwe Wapi?

Mstari unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kile kinachotumika katika zahanati zetu, mara nyingi hupata wekundu wake kutokana na dhahabu. Ndani ya kipimo mna chembe za dhahabu ndogo mno, na juu ya kila chembe zimeshikizwa kingamwili, yaani protini zenye uwezo wa kuitambua na kuinasa protini ya vimelea vya malaria iliyomo katika damu ya mgonjwa. Dhahabu peke yake haitambui chochote. Kingamwili peke yake haionekani kwa macho. Zikiunganishwa, mgonjwa anapata jibu kwa dakika chache. Jinsi protini inavyounganishwa na kitu kisicho protini ndiyo habari ya makala haya.

Tuanze na protini yenyewe. Ni mnyororo wa molekuli ndogo ziitwazo asidi za amino. Aina zinazotumika kwa kawaida katika viumbe ni 20. Zote zina sehemu moja inayofanana, ambayo ndiyo inayojenga mnyororo, na kila aina ina tawi lake la pembeni linaloitofautisha na nyingine. Mnyororo wa namna hii huitwa polipeptidi. Ukijikunja na kupata umbo maalumu la kufanyia kazi, huitwa protini. Umbo hilo likiharibika, kazi nayo hukoma. Kwa hiyo kemia yote inayofuata lazima ifanyike kwa upole: ndani ya maji, bila joto kali, bila asidi kali.

Njia rahisi ya kushikiza ni kuiacha protini igande yenyewe juu ya kitu, na vipimo vingi vya malaria hutengenezwa hivyo hivyo. Lakini kilichoganda huweza kubanduka, hasa kikikutana na damu iliyojaa protini nyingine zinazogombea nafasi ileile. Panapotakiwa uimara, hutafutwa bondi kovalenti, yaani muungano ambamo atomu mbili hushirikiana elektroni. Hapo ndipo swali linapoanza kuwa gumu: bondi hiyo ifungwe kwenye tawi lipi?

Matawi mengi hayashughuliki kirahisi na kemikali nyingine majini. Machache hushughulika, na linalotumika zaidi ni la asidi ya amino iitwayo lisini. Mwisho wa tawi lake kuna atomu ya naitrojeni yenye jozi ya elektroni isiyotumika, na jozi hiyo ndiyo inayoweza kufunga bondi mpya. Katika maji yasiyo asidi wala besi, karibu kila lisini huwa imepokea protoni moja, na jozi ile inakuwa imeshashikwa. Mkemia hupandisha pH hadi 8 au 8.5, ili sehemu ya lisini iwe huru. Kisha huongeza kemikali iliyoandaliwa, mara nyingi esta ya NHS. Naitrojeni huishambulia, na bondi inayopatikana ni amidi, bondi ya aina ileile inayounganisha asidi za amino katika mnyororo.

Esta hiyo ina maadui wawili. Wa kwanza ni maji yenyewe. Katika pH 7, kwenye barafu, nusu yake huvunjika kwa saa 4 hadi 5. Katika pH 8.6 na nyuzi 4 za Selsiasi, nusu huvunjika kwa dakika 10 tu. Ndiyo maana huyeyushwa dakika ya mwisho. Adui wa pili ni bafa, yaani myeyuko unaoilinda pH isibadilike. Bafa ya Tris, iliyozoeleka katika kila maabara ya biolojia, ina naitrojeni ya namna ileile ya lisini, na kwa wingi usiolingana na wa protini. Ikitumika, humaliza esta kabla protini haijapata kitu, bila dalili yoyote ndani ya chupa. Fosfeti au baikaboneti hutumika badala yake.

Kasoro ya lisini ni wingi wake. Kingamwili moja kubwa ina lisini 80 au zaidi, na kemikali haichagui. Dawa ya saratani ya matiti iitwayo trastuzumab emtansine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hutengenezwa kwa njia hii: kwa wastani kila kingamwili hubeba molekuli 3.5 za sumu ya kuua seli za saratani, lakini huo ni wastani wa mchanganyiko, maana nyingine hubeba chache na nyingine nyingi, katika sehemu tofauti. Jembe hushikwa kwenye mpini, si kwenye makali. Lisini iliyo karibu na mahali pa kazi pa protini ni makali.

Kwa sababu hiyo wengi hupendelea sisteini, yenye atomu ya salfa. Ni adimu, na mara nyingi salfa mbili huwa tayari zimefungana zenyewe kwa zenyewe. Sisteini iliyo huru hushikwa na kemikali iitwayo maleimidi katika pH 6.5 hadi 7.5. Ikizidi 8, maleimidi huanza kushika lisini pia, na faida ya uchaguzi inapotea. Kama protini haina sisteini huru, jeni yake hubadilishwa ili iwekwe moja pale tunapotaka. Kwa maoni yangu, hatua hii ya jeni ndiyo iliyoigeuza kazi ya kubahatisha kuwa kazi ya kupanga.

Mpango huo unaonekana vizuri kabisa katika polipeptidi zinazoiga elastini. Elastini ni protini inayoipa mishipa ya damu, mapafu na ngozi uwezo wa kunyumbuka. Dan Urry, aliyefanya kazi Alabama, alichunguza kwa miaka mingi kipande kinachojirudia ndani yake: valini, prolini, glisini, valini, glisini. Nafasi ya nne huweza kujazwa na asidi ya amino yoyote isipokuwa prolini. Mnyororo wa vipande hivi hutengenezwa na bakteria waliopewa jeni yake. Katika maji baridi huyeyuka na maji yakawa maangavu. Yakipashwa moto kupita kiwango fulani, hugeuka ghafla kama yaliyotiwa maziwa. Yakipoa, huangaa tena. Sababu ni kwamba matawi yasiyopenda maji huzungukwa na molekuli za maji zilizojipanga. Joto likipanda, mpangilio huo hauwezi kudumu: maji huachiliwa, na minyororo hukusanyika pamoja. Mwaka 1999, Dan Meyer na Ashutosh Chilkoti wa Chuo Kikuu cha Duke waliunganisha mnyororo huo na protini nyingine, wakaweza kuisafisha kwa kupasha moto na kupoza tu.

Kipande kile cha msingi hakina lisini wala sisteini. Kwa hiyo mahali pa kushika patakuwa pale tu tulipoandika katika jeni. Sisteini moja mwishoni hutoa mnyororo ulioshikwa kwa ncha. Lisini zilizotawanywa katika nafasi ya nne huwezesha minyororo kufungwa pamoja ikawa jeli. Tena kiwango cha joto chenyewe hutoa ushahidi: lisini yenye chaji hukipandisha, na ikifungwa kitu chenye asili ya mafuta, chaji hupotea na kiwango hushuka. Mwaka 2001, Nidhi Nath na Chilkoti walipozipaka chembe za dhahabu polipeptidi hii, wekundu wake ulielekea zambarau zilipopashwa moto, kwa kuwa rangi ya chembe hizo hutegemea ukaribu wake.

Mwanafunzi anayeanza kazi hii asikimbilie chupa ya kemikali. Aandike kwanza mfuatano wote wa asidi za amino za protini yake, aweke alama kila lisini na kila sisteini, kisha aangalie ipi iko karibu na mahali pa kazi. Na baada ya kuunganisha, apime kama protini bado inafanya kazi, si kama imeshika tu.